Transfoma Ndiyo Ichaguliwe Mwanzo



Katika jamaa zetu hapa Uingereza kumezuka jambo ambalo kwangu mimi ni la furaha. Vijana wetu, wa kiume na wa kike, wameanza kujijengea wenyewe amplifaya za gitaa, tena amplifaya za vali, yaani zile taa za kioo zilizokuwa zikiwaka ndani ya redio za babu zetu. Wanakata bati, wanatoboa matundu, wanalehemu nyaya usiku kucha, na mwisho wake wanatupigia kwenye harusi. Wazee wengine wanauliza kuna haja gani ya taabu yote hiyo na maduka yamejaa vyombo tayari. Mimi simo katika safu yao. Mtoto anayejua kwa nini chombo chake kinalia, na kwa nini siku nyingine kinanyamaza, amepata elimu ambayo hakuna duka linaloiuza.

Walakini kila nikiitwa nikaangalie kazi zao naona jambo moja linalonisumbua, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Wanaanza na vali, kwa sababu vali zina majina na zinang'ara. Halafu wanachagua sanduku, kitambaa cha mbele, na vifungo vya kuzungusha. Wanamalizia na transfoma ya spika, kwa pesa zilizobakia, kama mtu anayejenga nyumba akanunua mapazia kwanza na msingi akauacha kwa bahati. Kisha wanagawanyika makafiri wawili wa fundi: mmoja anachukua transfoma ya bure kutoka katika redio mbovu ya ami yake, na mwengine anamwomba baba pauni nyingi anunue ile iliyonakiliwa kutoka amplifaya ya mpiga gitaa mashuhuri.

Rai yangu ni hii: transfoma ya spika ichaguliwe kabla ya kitu chochote, ichaguliwe kwa hesabu na kwa uzito wake, si kwa jina, na kwa muziki wetu sisi, iwe nzito kuliko vile vitabu vya wapiga roki vinavyoshauri. Nitaeleza sababu zangu moja baada ya moja, nanyi mhukumu.

Kazi yake ni nini

Vali hutoa umeme wenye volti nyingi na mkondo mdogo. Spika inataka kinyume chake: volti chache na mkondo mkubwa. Ukiviunganisha viwili hivi moja kwa moja havitaelewana hata kidogo. Transfoma ndiyo mkalimani anayekaa baina yao. Upande wa vali una mizunguko mingi ya waya mwembamba, upande wa spika una mizunguko michache ya waya mnene, na yote imezungushwa juu ya mabati membamba ya chuma yaliyopangwa pamoja. Kila sauti mtakayoisikia harusini, kuanzia uzi mnene mpaka uzi mwembamba, lazima ipite ndani ya chuma hicho. Hakuna njia nyengine.

Basi ikiwa mkalimani hajui lugha, itafaa nini kuwa na msemaji hodari? Vali nzuri kabisa ikifungwa kwenye transfoma isiyoiwafiki itatoa sauti dhaifu, au itachakaa kabla ya wakati wake. Na vali ikichakaa huchomolewa ikatiwa nyengine kwa dakika moja, maana viwanda vya Slovakia na China vingali vinazitengeneza. Transfoma imefungwa kwa skrubu, nyaya zake zimelehemiwa, na matundu ya bati yametobolewa kwa kipimo chake. Kinachodumu ndicho kinachostahiki kufikiriwa mwanzo.

Hesabu ambayo kila mtoto wa skuli anaiweza

Vijana wengi wanadhani transfoma ina om zake yenyewe, kwa vile wameona imeandikwa, tuseme, 8,000 kwa 8. Sivyo. Transfoma inajua jambo moja tu: uwiano wa mizunguko ya upande mmoja na wa pili. Om ni za spika, nayo transfoma huzigeuza ikazionyesha kwa vali kama mzigo mkubwa zaidi. Kanuni yake ni nyepesi: chukua uwiano wa mizunguko, uzidishe kwa nafsi yake, kisha zidisha kwa om za spika. Uwiano ukiwa 25 kwa 1, basi 25 mara 25 ni 625, na 625 mara spika ya om 8 ni 5,000. Vali itaona mzigo wa om 5,000.

Kutoka hapo mtaona mara moja kosa linalotendeka kila siku. Ile transfoma ya 8,000 kwa 8, ukiifunga spika ya om 16, vali zitaona 16,000. Ukiifunga ya om 4, zitaona 4,000. Karatasi iliyobandikwa itakuwa ile ile, na mzigo umebadilika kabisa. Kwa hivyo kabla ya kuuliza transfoma gani, uliza spika gani, na uliza vali gani.

Vali nazo zimeandikiwa na waliozitengeneza mzigo unaozifaa. Hizi hapa ni hesabu za wenyewe, kwa aina ambazo vijana wetu huzipenda. Vali moja ya 6V6 kwa volti 250 hutaka om 5,000 na hutoa wati 4.5. EL84 moja kwa volti hizo hizo hutaka om 5,200 na hutoa wati 5.7. 6V6 mbili zinazofanya kazi kwa kupokezana, kwa volti 285, hutaka om 8,000 na hutoa wati 14. EL84 mbili kwa volti 300 hutaka om 8,000 vile vile na hutoa wati 17. Ukipanda mpaka 6L6GC mbili kwa volti 450, mzigo unashuka hadi om 5,600 na nguvu inafika wati 55, na hapo sasa mmeshaingia katika mambo ya watu wazima.

Hesabu hizi si aya za kitabu kitakatifu. Ukikosea kwa sehemu moja katika tano hutasikia tofauti kubwa, na mafundi wengi wameikosea kwa makusudi ili wapate ladha waliyoitaka. Lakini asiyejua kipimo hawezi kusema ameacha kipimo kwa makusudi. Huyo amepotea tu.

Vali moja au mbili: hapa hapana kubahatisha

Katika amplifaya ya vali moja, kama ile ndogo ya Fender Champ iliyofundishia watu wengi, umeme wa vali hupita ndani ya transfoma wakati wote na upande mmoja tu, karibu miliampia 45, hata gitaa likiwa kimya. Umeme huo unakivuta chuma upande mmoja bila kukiachia. Ndiyo maana transfoma ya vali moja huachiwa mwanya mwembamba katika chuma chake, ili chuma kisishibe. Katika amplifaya ya vali mbili zinazopokezana, umeme wa vali moja unavuta kulia na wa pili unavuta kushoto, wakapatana. Kwa hivyo transfoma yake haihitaji mwanya.

Nimeona mara nyingi transfoma ya vali mbili, kwa kuwa ilipatikana kwa bei nafuu, imefungwa kwa vali moja na waya mmoja ukaachwa ukining'inia. Amplifaya inalia, naam, lakini sauti nene zote zimekwenda zake. Inasikika kama mtu anaimba ndani ya kopo. Mpigaji anabadilisha vali, anabadilisha spika, anabadilisha nyuzi za gitaa, na ugonjwa uko pale pale. Chuma kimeshiba kabla wimbo haujaanza.

Uzito, na khasa kwa muziki wetu

Hili ndilo ninalolitilia mkazo kuliko yote. Uzi mnene wa gitaa hutetema mara 82 kwa sekunde. Uzi mnene wa gitaa la besi hutetema mara 41. Chuma cha transfoma huchoka kwa sauti nene kuliko kwa sauti nyembamba, na hesabu yake ni kali. Transfoma inayobeba wati 15 bila taabu kwa mitetemo 80, ikishushwa hadi mitetemo 40 itabeba robo yake tu, chini kidogo ya wati 4, kabla ya kushiba kwa kiasi kile kile. Basi muuzaji akikwambia transfoma hii ni ya wati 15 akanyamaza, amekwambia nusu ya maneno. Muulize: wati 15 kwa mitetemo mingapi? Asipojua kujibu, iweke juu ya mizani. Chuma hakidanganyi. Kati ya transfoma mbili za aina moja na za wati zile zile, ile nzito aghalabu ndiyo iliyojengwa kwa insafu.

Vitabu vingi vya amplifaya za gitaa vimeandikwa kwa ajili ya wapiga roki, na mpiga roki anataka sauti ichafuke. Huko kuchafuka ndiko utamu wake. Kwake yeye transfoma ndogo inayoshiba mapema si aibu, pengine ni sifa. Simlaumu, kila ndege na mlio wake. Lakini sisi tunapigia nini? Tunapigia taarab, tunapigia rumba, tunapigia dansi. Wenzetu wa Black Star ya Tanga walipotia magitaa ya umeme katika taarab hawakutaka ngurumo. Gitaa lilikuwa na kazi ya kumjibu mwimbaji, noti kwa noti, kila moja imesimama peke yake kama ushanga katika uzi. Gitaa la rumba la Kikongo nalo vivyo hivyo: magitaa mawili au matatu yanasukana, na moja likichafuka, msuko wote unaharibika. Bibi zetu harusini wanataka kusikia maneno ya mshairi. Amplifaya inayokoroma juu ya maneno hayo, hata ikiwa ya bei gani, imewakosea adabu.

Kwa hivyo nasema: anayejenga amplifaya ya wati 15 kwa harusi zetu achukue transfoma iliyoandikwa wati 25 au 30 ya gitaa, au ya wati 15 iliyopimwa kwa mitetemo 40 au chini yake. Na kijana anayetaka amplifaya hiyo hiyo iweze kubeba besi siku ya dharura, hana hiari. Msinifahamu vibaya: transfoma kubwa haitaongeza wati hata moja, kwa kuwa wati hutoka kwa vali na kwa volti. Itakachofanya ni kuzifikisha zile wati zilizopo bila kuzipunja.

Wala msivuke mpaka upande wa pili. Iko aina ya transfoma iliyotengenezwa kwa wasikilizaji wa sahani za santuri, tangu ule mchoro maarufu wa Williamson uliochapishwa mwaka 1947 katika jarida la Wireless World. Hizo zilijengwa zibebe kila sauti ambayo sikio la binadamu linaisikia, na bei yake ni ya kutisha. Spika ya gitaa huanza kunyamaza ikipita mitetemo 5,000 hivi kwa sekunde. Kulipia transfoma inayofika mitetemo 50,000 ili uifunge kwenye spika hiyo ni kumnunulia punda tandiko la hariri.

Jina halipigi gitaa

Sasa nawageukia wale wanaotaka jina. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na biashara ya transfoma za kunakili amplifaya za zamani imejaa sifa. Lakini tuitazameni historia yenyewe.

Leo Fender alikuwa fundi wa redio wa mji wa Fullerton, California. Amplifaya yake iitwayo Bassman, ile ya mwishoni mwa miaka ya 1950, ilikuwa na spika nne za inchi 10 zilizofungwa pamoja zikafanya om 2. Mwaka 1962 Jim Marshall, aliyekuwa na duka la ngoma na magitaa Hanwell, magharibi ya London, pamoja na mafundi wake Ken Bran na Dudley Craven, waliichukua Bassman kama kigezo wakajenga ya kwao. Transfoma ya Fender isingewafaa, kwa sababu spika zao zilikuwa nyengine na om zao zilikuwa nyengine. Walichofanya ni kuchukua transfoma kutoka katika orodha ya Radiospares, wauzaji wa vifaa vya mafundi wa redio, ambayo ilikuwa bidhaa ya kawaida kwa fundi yeyote wa Uingereza wakati ule. Kwa chuma hicho cha orodhani wakatoa sauti ambayo hadi leo watu wanainakili.

Funzo gani liko hapo? Wao wenyewe hawakutafuta jina. Walitazama vali walizonazo, spika walizonazo, wakachukua transfoma inayowafiki na inayopatikana. Leo kijana anayelipa bei mara tatu ili apate nakala ya transfoma ile anafuata nyayo zao na kuiacha njia yao. Iko transfoma ya Hammond ya Kanada, kwa mfano, yenye matawi mengi upande wa spika, ambayo hukuwezesha kuchagua mzigo kwa kubadilisha waya. Si mashuhuri jukwaani, lakini kwa mwanafunzi ni mwalimu, maana akikosea hesabu hubadilisha tawi bila kununua nyengine.

Ile ya bure kutoka kwa ami

Simkatazi mtu kutumia cha zamani. Redio iliyokufa ina mengi ya kurithi. Lakini transfoma ya redio ya Kiingereza ya zamani kwa kawaida ilitengenezwa kwa vali moja, wati tatu au nne, na spika ya om 3. Ukiifunga spika ya gitaa ya om 8, mzigo unaoonekana na vali unakuwa zaidi ya mara mbili na nusu: palipotakiwa 5,000 sasa pana 13,000 na ziada. Na karatasi iliyotenganisha nyaya zake ina umri wa miaka 60 au zaidi. Kwa amplifaya ya kujifunzia chumbani, ya vali moja, kwa spika ya om 4, inaweza kutosha. Kwa ukumbi wenye watu 200, hapana.

Anayetaka kuijua transfoma isiyo na maandishi aipime kabla ya kuifunga popote. Chukua kitransfoma kidogo kinachotoa volti 10 hivi za umeme wa kupishana, usiuguse kabisa umeme wa ukutani, uziingize volti hizo kwenye waya mbili za nje za upande wa vali, kisha pima upande wa spika. Tuseme mita imeonyesha volti 0.32. Gawanya 10 kwa 0.32 upate kama 31. Zidisha kwa nafsi yake upate kama 977. Zidisha kwa spika ya om 8 upate karibu 7,800. Basi hiyo ni transfoma ya 8,000 kwa 8, na umeijua bila ya kumuuliza mtu. Jihadharini tu msiingize volti hizo upande wa spika, kwa kuwa upande wa pili zitatoka volti 300 na zaidi.

Ikishapatikana, pahala pa kuikalisha napo pana hesabu yake. Iwekwe mbali na transfoma ya umeme wa ukutani, na chuma chake kielekee upande mwengine, ama sivyo mtasikia mvumo usiokwisha. Mafundi wa zamani walikuwa wakifunga vibanio vya masikioni kwenye waya za spika za transfoma ambayo bado haijaunganishwa na kitu, wakaiwasha transfoma ya umeme peke yake, nyaya zake zote zikiwa zimefunikwa, wakaigeuza ile ya spika polepole mpaka mvumo unapotea. Hapo ndipo wanapotoboa bati. Na ikiwa amplifaya yako hurudisha sehemu ya sauti kutoka upande wa spika hadi mwanzoni, kisha siku ya kwanza ikapiga ukelele mara tu vali zilipopata moto, usiogope: zima, ngoja kapasita zimalize umeme wao, badilishana zile waya mbili za nje zinazokwenda kwenye vali, na ukelele utakwisha.

Spika isichomolewe

Mwaka jana kwenye harusi moja ya jamaa zetu, mtoto mdogo alikwaa waya wa spika ukachomoka. Mpigaji hakusikia kitu, akadhani sauti imepunguzwa, akaongeza, akapiga kwa nguvu zaidi. Baada ya muda mchache kukatoka harufu ya kuungua, na gitaa halikusikika tena usiku ule. Mwimbaji alimaliza na fidla na dumbaki peke yake, Mungu ambariki.

Vali zilikuwa nzima. Transfoma ndiyo iliyokufa. Inapokosa spika, umeme ndani ya mizunguko yake haupati pa kwenda. Volti zinapanda mpaka zinaruka kutoka waya hadi waya na kuunguza kitenganishi chao. Kwa hivyo mfundisheni kila mtu anayekaa karibu na jukwaa, hata asiyepiga chochote: amplifaya ya vali haiwashwi bila spika, na spika haichomolewi wakati inalia. Na waya wa spika ufungwe pahala ambapo miguu ya watoto haipiti.

Neno kwa wazazi

Nimesikia wazazi wanaotaka kuwakataza watoto wao kazi hii kwa kuwa ina khatari. Khatari iko, siwezi kuificha. Ndani ya sanduku lile mna volti 300 hadi 450, nazo zinaweza kuua. Kapasita zinaweza kubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Anayefungua amplifaya yake azime, achomoe, atoe umeme wa kapasita kupitia rezista, kisha apime kwa mita mpaka aone sifuri kabla ya kutia kidole. Anayepima ikiwa imewashwa atumie mkono mmoja, wa pili uwe mfukoni. Waya wa ardhi ufungwe kwenye bati kwa skrubu yake mwenyewe. Na asiwepo mtoto anayefanya kazi hiyo peke yake nyumbani.

Lakini dawa ya khatari ni mwalimu. Katika jamaa zetu wapo mafundi wa umeme, wapo waliofanya kazi viwandani na katika meli, wapo waliostaafu wakakaa wanatazama televisheni. Wao ndio wa kukaa pamoja na vijana hawa. Mpwa akijenga, mjomba akae kando na kikombe chake cha chai, aulize: umeipima? Umeizima? Umejua mzigo wake? Maswali matatu hayo yana thamani kuliko zawadi nyingi tunazonunuliana.

Nalo jengine. Tunachangiana kila mwaka kwa ajili ya harusi: ukumbi, biriani, mapambo. Napendekeza kwamba kijana yeyote wa jamaa zetu anayejenga amplifaya, na ambaye ameleta hesabu yake kwenye karatasi, vali gani, spika gani, mzigo gani, wati ngapi kwa mitetemo mingapi, alipiwe transfoma ya spika na mfuko wetu. Sanduku alifanye mwenyewe kwa mbao za kuokota, kitambaa aombe kwa shangazi, vifungo atumie vya redio mbovu. Kitu kimoja tu tumnunulie, nacho ni kile asichoweza kukifanya kwa mkono wake na ambacho kitabaki wakati mengine yote yameshabadilishwa. Asiye na hesabu asipewe kitu, hata akiwa mwanangu.

Transfoma njema, isiyochomolewa spika na isiyozidishiwa volti, inaweza kupita umri wa aliyeifunga. Vali zitakwenda na kurudi, spika zitapasuka, sanduku litapakwa rangi mpya, na chuma kitabaki pale pale kinatafsiri. Basi tuchague vizuri, kwa maana huenda tunawachagulia wajukuu.

Wabillahi tawfiq.